Wapulizaji na wenye mikorosho wanavunjiana ahadi kila msimu: shida ni watu au utaratibu?

Karani_Kitangari

Wakuu, salaam. Swali ni la korosho lakini nimelileta huku kwenye jukwaa la uchumi kwa makusudi.

Huku Newala wenye mikorosho ni wengi na wenye mashine za kupulizia dawa (wapulizaji) ni wachache. Mwenye mashine mmoja huchukua mashamba matano hadi manane kwa msimu. Hakuna anayewapanga: kila mtu anamtafuta wake kwa simu, gengeni, au nje ya msikiti baada ya swala. Matatizo ni matatu. Kwanza, makubaliano yanazidi kusogezwa mbele. Watu walikuwa wakipatana Mei, sasa wengine wanafunga Desemba, malipo ya mnada yakishaanza kuingia, wakati mikorosho haijaonyesha hata jani jipya. Pili, mpulizaji anafanya mizunguko miwili ya kupuliza kati ya mitano kisha anahamia kwa mwingine. Tatu, mashamba ya mbali hayapati mtu.

Kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kuna wanaotaka katibu apange nani apulize kwa nani. Wengine wanasema waacheni, mbona watu wanaoana bila ofisi ya kuwapanga na maisha yanaenda. Mimi nimeagizwa kuandika pendekezo. Naomba wanaojua namna watu wanavyochaguana pale ambapo hakuna mpangaji wanieleze kinachoharibika, na kwa nini. Nasaha za uaminifu tumeshazisikia za kutosha.

Mwl_Hesabu_Lindi

Ndugu Karani, tenganisha mambo mawili: mpangilio uliopatikana, na njia iliyotumika kuupata. Mnagombana kuhusu njia kabla ya kukubaliana mpangilio mzuri ni upi.

Kipimo kilitolewa mwaka 1962 na wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley. Mpangilio ni mbovu kama kuna mwenye shamba na mwenye mashine ambao hawakupangwa pamoja, lakini kila mmoja anamtaka mwenzake kuliko aliye naye. Hiyo tuiite jozi pinzani. Jozi kama hiyo ikiwepo, ahadi zitavunjwa hata kama wote ni watu wa dini, kwa sababu wawili hao wananufaika wakiondoka pamoja. Isipokuwepo, mpangilio umetulia: atakayetaka kuhama hatapata wa kumpokea. Mpulizaji wenu anayehama baada ya mzunguko wa pili hahami peke yake. Kuna mwenye shamba aliyempigia simu.

Gale na Shapley walionyesha pia kwamba mpangilio uliotulia hupatikana daima pale penye pande mbili, kwa njia ambayo mtu wa darasa la saba anaiendesha bila kompyuta. Upande mmoja unaomba. Kila anayeombwa anamshikilia aliye bora kati ya waliomwomba, bila kumpa neno la mwisho, na kuwakataa wengine. Waliokataliwa wanaomba kwa chaguo lao linalofuata. Aliyeshikilia mtu akiletewa aliye bora zaidi anambadilisha. Mnakwenda hivyo mpaka pasiwe na aliyekataliwa ambaye bado ana pa kuomba. Kwa kuwa mashine moja ina nafasi nyingi, inashikilia hadi nafasi zake zijae. Mkiwa na mashamba 60 na mashine 10, maombi yote hayawezi kuzidi 600, maana hakuna anayeomba mara mbili mahali pamoja. Kwa kawaida huwa machache zaidi ya hapo.

Roho ya jambo hili ni kushikilia bila kufunga. Soko lenu linafanya kinyume: anayejibu kwanza anafunga.

Sasa angalia nani anaomba, maana huku watu hupita haraka. Chukua mashamba A, B, C na mashine 1, 2, 3, kila mashine nafasi moja:

A anapenda 1, kisha 2, kisha 3.
B anapenda 2, 3, 1.
C anapenda 3, 1, 2.
Mashine 1 inapenda B, C, A.
Mashine 2 inapenda C, A, B.
Mashine 3 inapenda A, B, C.

Mashamba yakiomba, kila shamba linapata chaguo lake la kwanza: A na 1, B na 2, C na 3. Kila mashine imepata shamba la mwisho kwenye orodha yake, lakini hakuna jozi pinzani, kwa sababu hakuna shamba linalotaka kuhama. Mashine zikiomba, mambo yanageuka: 1 na B, 2 na C, 3 na A, na sasa ni mashamba yaliyopata la mwisho. Kuna na wa katikati, A na 2, B na 3, C na 1, ambao kila mtu amepata chaguo la pili. Ukiukagua utaona nao umetulia. Kwa hiyo soko moja lina mipangilio mitatu isiyovunjika, na aliyeanza kuomba ndiye aliyeamua upi utokee. Hii ni kanuni: upande unaoomba hupata mpangilio uliotulia ulio bora kwake, na upande wa pili hupata ule ulio mbaya kwake kuliko yote iliyotulia.

Kuhusu wanaosema soko lijipange, wana nusu ya hoja. Mwaka 1976 Donald Knuth alionyesha kwamba ukianza na mpangilio mbovu na kuwaruhusu jozi pinzani kuondoka moja baada ya nyingine, mnaweza kuzunguka na kurudi mlipoanza. Mwaka 1990 Alvin Roth na John Vande Vate wakathibitisha kwamba jozi zikiondoka kwa bahati nasibu, kila jozi pinzani ikiwa na nafasi ya kutokea, mwishowe soko hutulia. Lakini "mwishowe" haina tarehe. Kuna masoko ambayo safari hiyo ni ndefu kupita kiasi, na mkorosho haungoji.

Bwana_Salfa

Niongezee hapo kwenye kungoja, maana wachumi mnasahau mti. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu tunaoupulizia dawa, unashambulia machipukizi na maua machanga. Kwa salfa ya unga, kiwango kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti kwa kila mzunguko, mizunguko mitano, kila baada ya siku 14. Yaani kilo moja na robo kwa mti kwa msimu. Inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo umetulia. Jua likishapanda, unga unaishia kwa jirani.

Maana yake kwa mjadala huu: mashine ina saa chache tu za kazi kwa siku, hivyo idadi ya mashamba inayoweza kuhudumia ndani ya siku 14 ina mwisho wake. Mwenye mashine anayekubali mashamba kumi na mbili wakati uwezo wake ni saba anajua kabisa kwamba atawaacha watano. Kabla ya kupanga lolote, andikeni uwezo wa kila mashine kwa idadi ya miti. Msihesabu mashamba, kwa sababu shamba la miti 40 na la miti 400 si kitu kimoja. Na anayeacha baada ya mzunguko wa pili anamwachia mwenye shamba maua yaliyofunguka bila kinga. Salfa iliyokwisha tumika haikomboi kitu.

Mchumi_Shangani

Mwalimu ameeleza mpangilio. Mimi nieleze kinachotokea kwa watu wakati hakuna mpangaji, maana tatizo la kwanza la Karani lina historia ndefu.

Hospitali za Marekani zilikuwa zikitafuta madaktari wapya zenyewe. Kila hospitali ilitaka kuwahi kuliko jirani, na kufikia miaka ya 1940 mwanafunzi alikuwa anafungwa takriban miaka miwili kabla ya kuhitimu, hajulikani hata kama atakuwa daktari mzuri. Mwaka 1945 vyuo vilikubaliana kutotoa taarifa za wanafunzi kabla ya tarehe fulani. Kuwahiana kukakoma, shida mpya ikazuka: mwanafunzi aliyepata nafasi ya tatu kwenye orodha yake alingoja ili aone kama ya kwanza itaita, na hospitali nazo zikawa zinangoja wao wajibu. Muda wa kujibu ulikuwa siku 10 mwaka 1945. Kufikia 1949 walikuwa wanabishania saa, chini ya siku moja. Mwaka 1952 wakaanzisha ofisi moja ya kuoanisha, na utaratibu wake, kama Roth alivyokuja kuonyesha mwaka 1984, ulikuwa ndugu wa ule wa Gale na Shapley. Roth na Shapley walipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2012.

Karani, tarehe peke yake haitoshi. Mkisema "hakuna kupatana kabla ya 15 Aprili" na mkaishia hapo, mtahamisha vurugu kutoka miezi mitano hadi asubuhi moja. Hilo nalo limeshatokea. Wanasaikolojia wa tiba wa Marekani walikuwa na siku moja ya kupatana kwa simu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila mtu aliruhusiwa kushikilia ofa mpaka muda uishe, jambo zuri kwenye karatasi. Lakini simu huchukua dakika, na mwenye ofa anayejua muda hautoshi haanzi na anayemtaka zaidi. Anaanza na atakayekubali upesi. Wakawa wanaulizana kabla ya siku yenyewe, "nikikupigia utakubali papo hapo?" Huo ni msongamano: muda ni mfupi kuliko idadi ya maombi yanayotakiwa kufanyika.

Hapa kwetu tunao mfano ambao wengi humu wanaujua. Kuanzia 2010 waombaji wa vyuo vikuu walikuwa wakipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 ukaondolewa, kila mtu akaomba moja kwa moja chuoni. Matokeo yake mwanafunzi mmoja anachaguliwa vyuo vitatu, vyuo vingine vinadhani vimejaa, na inabidi kuwe na hatua ya kuthibitisha chuo kimoja, kisha awamu nyingine ya maombi ya kuziba mapengo. Hatua ya kuthibitisha ndiyo dawa ya soko lisilo na mpangaji. Bila hiyo, mtu anashika nafasi tatu bila gharama na kuwazuia wengine. Wapulizaji wenu wanaopokea malipo ya awali kutoka kwa watu kumi na wawili wanafanya hilohilo.

Kwa hiyo ningependekeza hivi. Malipo ya awali yapigwe marufuku kabla ya siku ya kupatana, na adhabu iwe kwa anayepokea, maana anayelipa ni mwenye hofu tu. Wiki mbili kabla, uwezo na bei za mashine zibandikwe ofisini. Siku yenyewe iwe na raundi, kila raundi nusu saa, wenye mashamba wakipeleka vikaratasi kwenye meza za wenye mashine. Mwisho wa raundi mwenye mashine anarudisha vikaratasi vinavyozidi uwezo wake. Hakuna "jibu sasa hivi au nampa mwingine" mpaka raundi za mwisho ziishe. Katibu hachagui chochote, kazi yake ni kupiga kengele na kuandika.

Mama_Mikindani

Mwanangu Karani, umewanukuu wanaosema ndoa hazina ofisi. Ofisi hazina, taratibu zinazo nyingi kuliko huo upulizaji wenu.

Tazama posa. Mshenga anakwenda, wazee wa mwanamke wanaomba muda. Posa ikiwa imepokelewa, Muislamu amekatazwa na Mtume kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka yule wa kwanza aache au atoe ruhusa. Ukitazama kwa jicho la wanaume wawili utasema ni adabu tu. Ukitazama upande wa binti, ni ulinzi wa muda: wazee wanaweza kuuliza habari za kijana, ukoo wake na deni lake, bila mtu kuwagongea mlango akisema ongezeni kasi nina ofa nyingine. Kinachokosekana kwenye mashine zenu ni hicho, muda wa kufikiri ambao hauvamiwi.

Ila kina gharama yake, na Mwalimu ataniunga mkono. Aliyewahi kuposa anashika mlango hata kama wa pili ni bora na binti angempenda zaidi. Katika ule utaratibu wa 1962 wa pili naye angeruhusiwa kuomba na wa kwanza akaachwa. Ndiyo maana mshenga mzuri hutanguliza kuulizia kimyakimya kabla ya posa rasmi. Anapima kama watakubali, ili mtu asikataliwe hadharani. Matokeo yake posa unazoziona si picha ya nani anamtaka nani. Ni picha ya nani anaamini hatakataliwa. Pale kukataliwa kunapokuwa bure, picha hubadilika: Günter Hitsch, Ali Hortaçsu na Dan Ariely walichunguza watumiaji wa mtandao wa kutafuta wachumba huko Boston na San Diego, wakachapisha mwaka 2010, na hawakuona dalili za maana za watu kuwakwepa wanaowataka kwa kuogopa kukataliwa. Ujumbe mmoja zaidi haugharimu kitu. Mipangilio iliyotokea kwenye mtandao huo, usio na mpangaji, ilikaribiana na ile ambayo utaratibu wa Gale na Shapley ungetoa. Kwa hiyo soko huria linaweza kufika, gharama za kuomba zikiwa ndogo na watu wakionekana wote.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na mwenye pingamizi alilete. Sheria hiyohiyo inaruhusu kudai fidia kwa kuvunjiwa ahadi ya kuoana. Makubaliano yenu ya mashine hayana siku za pingamizi wala fidia, halafu mnayafananisha na ndoa!

Mpingamizi_Masasi

Nimesoma yote. Nina ubishi na Mwalimu kuhusu nani aombe. Mfano wake wa watatu kwa watatu ni sahihi, ila umesawazishwa makusudi. Itai Ashlagi, Yash Kanoria na Jacob Leshno walionyesha mwaka 2017 kwamba kwenye masoko makubwa ambayo matakwa ya watu yametawanyika, upande mmoja ukizidi hata kwa mtu mmoja, tofauti ya nani anaomba karibu inafutika. Upande wenye upungufu ndio unaotamba, uombe au uombwe. Newala upungufu ni mashine. Kwa hiyo msipoteze mkutano mzima mkibishana nani apeleke kikaratasi.

Mashamba ya mbali ndiyo yanayonisumbua zaidi, na hakuna aliyeyagusa. Kuna tokeo maarufu la Roth la mwaka 1986, linaitwa la hospitali za vijijini: hospitali ambayo haikujaza nafasi zake katika mpangilio mmoja uliotulia, itapata watu walewale katika mipangilio yote iliyotulia. Tafsiri kwa mashine zenu: shamba lisilopata mpulizaji kwa utaratibu mmoja uliotulia halitampata kwa mwingine wowote uliotulia, bila kujali nani anaomba. Meza, kengele na vikaratasi havitalisaidia. Kinachobadilisha ni masharti yenyewe.

Na sharti kuu ni bei. AMCOS ikiweka bei moja kwa mti kwa wote, basi mwenye mashine anachagua kwa umbali na kwa ukubwa wa shamba, maana hana kingine cha kuchagulia. Shapley na Martin Shubik waliandika mwaka 1971 kuhusu masoko ambayo fedha inaweza kuhama kati ya wawili: hapo wanaopatana ni wale ambao jumla ya faida ya wote ni kubwa, na bei hugawa faida hiyo. Acheni mashamba ya mbali yaongeze bei kidogokidogo kila raundi yanapokataliwa, mfano shilingi 50 kwa mti. Ama yatafika bei ambayo mtu anakubali, ama mwenye shamba ataona haimlipi na kuacha kwa kuelewa. Hilo la pili linauma, lakini ni bora kulijua Aprili.

Mtego upo: mwenye mashine haangalii shamba mojamoja. Shamba la mbali likiwa peke yake hapendi, yakiwa manne yanayopakana anayataka yote. Mashamba yanapotegemeana hivyo, ule uhakika wa 1962 kwamba mpangilio uliotulia upo daima unapotea. Ni tatizo lilelile la madaktari wanandoa wanaotaka hospitali mbili za mji mmoja. Njia rahisi ni wenye mashamba yanayopakana wajiunge kitalu kimoja kabla ya siku, waombe kama mtu mmoja, wakataliwe au wakubaliwe pamoja.

Mwl_Hesabu_Lindi

Mpingamizi yuko sawa kuhusu upungufu, na hoja ya vitalu naichukua. Lakini bado ningetaka mashamba yaombe, kwa sababu nyingine. Upande unaoomba ukiwa na nafasi moja moja, kusema matakwa yako ya kweli hakukuumizi kamwe. Huna haja ya kujifanya unapenda mashine ya pili ili usiikose. Kwa mwenye nafasi nyingi, yaani mpulizaji, usalama huo haupo hata akiwa yeye ndiye anayeomba. Wenye mashamba ni wengi na wengi wao hawana muda wa hila. Wapeni upande ambao hila haihitajiki.

Karani_Kitangari

Nashukuru sana, mama na wakuu wengine. Vitalu vinawezekana. Kuna kijana hapa anasema kuna kanuni ya asilimia 37: ukikutana na wapulizaji 12, wapitie wa kwanza wanne bila kukubali, kisha mchukue wa kwanza atakayewazidi wote. Ni kweli? Na mizunguko miwili halafu kuondoka, tunazuiaje?

Mwl_Hesabu_Lindi

Hesabu yake iko sawa: kwa 12 unawapitisha wanne, na nafasi ya kumpata aliye bora kuliko wote ni karibu asilimia 40. Ila kanuni hiyo ina masharti manne: uliyemwacha hawezi kurudiwa, huna habari yoyote kabla ya kuanza, unajali wa kwanza tu na wa pili ni sawa na bure, na unayemchagua hakatai. Newala hakuna hata moja linalotimia. Wapulizaji mnawajua kwa miaka, wa pili kwa ubora anatosha kabisa, na mpulizaji ana lake la kusema. Hilo la mwisho linaua kanuni nzima.

Kwenye soko la pande mbili lenye kutafutana, kinachotumika ni kiwango cha chini: nitakubali yeyote kuanzia ubora fulani. Kiwango hicho hakitoki kwenye unachokitamani, kinatoka kwa wanaoweza kukukubali na gharama ya kuendelea kutafuta. Ken Burdett na Melvyn Coles walionyesha mwaka 1997 kwamba kila mtu akifanya hivyo, na wote wakikubaliana nani bora, soko linajigawa matabaka: walio juu wanapokeana wenyewe, wanaofuata wanapokeana, hadi chini, na wa mwisho wanaweza kubaki bila mtu. Ukiona wapulizaji wazuri wote wako kwa wenye mashamba makubwa, si lazima iwe hila.

Mchumi_Shangani

Kuhusu kuondoka baada ya mzunguko wa pili. Huyo anaondoka kwa sababu malipo yake mengi yameshapita, na kwa kuwa maua hayachanui siku moja kijiji kizima, kuna mwenye shamba mwenye haraka anayeongeza bei wakati huo. Jozi pinzani haikuwepo Aprili, imezaliwa Julai. Gawanyeni malipo kwa mizunguko mitano: asilimia 15, 15, 20, 20 na 30 ya mwisho. Atakayemhamisha mtu lazima amlipe na hiyo iliyobaki, na wengi hawatafika bei. Asilimia 30 hiyo ishikwe na chama. Mkimwachia mwenye shamba, mpulizaji naye ataogopa kudhulumiwa na hatasaini.

Jambo jingine dogo lenye faida: kila mwenye shamba au kitalu apewe alama mbili tu za kuonyesha "wewe ndiye ninayekutaka hasa", azipeleke wiki moja kabla. Chama cha wachumi wa Marekani kimekuwa kikiwapa watafuta kazi ishara mbili za namna hiyo tangu mwaka 2006. Soohyung Lee na Muriel Niederle walijaribu kwa waridi la mtandaoni kwenye soko la wachumba Korea Kusini: kila mmoja alikuwa na maombi hadi kumi na waridi mbili, wachache wakapewa nane. Ombi lenye waridi lilikubaliwa zaidi kwa takriban asilimia 20 kuliko lisilo nalo. Zikiwa nyingi hazisemi kitu, ndiyo maana mbili.

Bwana_Salfa

Mashine ikiharibika katikati ya msimu mtafanyaje? Itaharibika tu.

Mchumi_Shangani

Hapo ndipo watu huwa wanavuruga. Mashine moja ikitoka, mashamba yake saba yanaanza kuwapigia simu wapulizaji wa wengine, mmoja anahama, shamba aliloliacha linapiga simu, na mnyororo unakwenda hadi kijiji cha pili. Likiachwa lenyewe litatulia baada ya mihamo kadhaa, lakini mzunguko wa siku 14 utakuwa umepita.

Kwa hiyo siku ya kupatana kila mashine iache nafasi, tuseme sehemu moja kati ya kumi ya uwezo wake wa miti, isigawiwe. Mashine ikifa, mashamba yake yanagawanywa kwenye nafasi hizo tu, kwa mpangilio wa vitalu vilivyo karibu, na asilimia zilizobaki za malipo yake zinamfuata aliyechukua kazi. Mwenye mashine iliyotengamaa akirudi, anaanzia mwisho wa orodha ya akiba na harudishiwi mashamba yake ya zamani mpaka mwaka kesho. Andikeni hilo kwenye mkataba kabla ya kusaini, kwa maneno hayohayo, maana likibishaniwa Julai hakuna atakayekubali.

Karani_Kitangari

Imeeleweka. Je, sehemu moja kati ya kumi ni kwa idadi ya miti au ya mashamba?

Bwana_Salfa

Miti.